Kemikali na biashara ndogo Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa Busia, Malaba na Kampala, kwa akina mama wa sabuni ya maji, wenye maduka ya pembejeo, mafundi wa betri, wasusi na wafanyabiashara wa mahindi. Anayejibu alitengeneza sabuni kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kuwasaidia wenzake kujaza fomu. Si wakili, kwa hiyo ukiwa na kesi mahakamani tafuta wakili. Na ukiona namba ya sura ya sheria imebadilika, usishtuke: toleo jipya la sheria zote za Uganda lilianza kutumika Julai 2024 na sheria nyingi zikapewa namba mpya. Wajibu wako ni uleule.

Nina jerikeni nne tu uani. Kweli sheria za kemikali zinanihusu?

Zinakuhusu. Sera ya biashara ndogo na za kati ya mwaka 2015 inapanga biashara kwa wafanyakazi na mtaji: hadi watu 4 ni ndogo kabisa, 5 mpaka 49 ni ndogo, 50 mpaka 100 ni ya kati. Mpango huo unakufaa ukiomba mkopo au ukitaka kuingia kwenye mradi wa serikali kama Emyooga. Kwenye kemikali haukupunguzii kitu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inatazama kama kuna mtu anafanya kazi mahali hapo, basi.

Idadi ya watu huingia sehemu chache. Ukifikisha wafanyakazi 20, unatakiwa uwe na kamati ya usalama. Ukiwa nao watatu huhitaji kamati, lakini glavu, mabuti na miwani ya kinga utawanunulia wewe, wala huruhusiwi kuwakata kwenye mshahara.

Ofisi ni nyingi mno. Niende ipi kwanza?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na lina haki yake. Hakuna dirisha moja la kemikali. Inategemea unafanya nini na hiyo kemikali.

Kama watu wanafanya kazi mahali hapo, mahali penyewe panasajiliwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kama unatengeneza bidhaa ya kuuza, sabuni, rangi, kitakasa mikono au losheni, mlango wako ni Shirika la Viwango, UNBS, ambalo makao yake ni Bweyogerere. Kama unauza dawa za mimea, ni Wizara ya Kilimo, chini ya Sheria ya Kudhibiti Kemikali za Kilimo. Kama unatoa taka, maji machafu, moshi au mafuta yaliyotumika, ni NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na kanuni za taka za 2020. Dawa za binadamu na za mifugo ni NDA, mamlaka ya dawa. Maabara ya Serikali pale Wandegeya haikupi leseni ya sabuni, ila sampuli ikizua kesi ya sumu, huko ndiko inakopelekwa.

Halafu kuna jina la biashara kwa URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na leseni ya biashara ya manispaa au wilaya. Watu wengi wana hiyo ya mwisho peke yake, wameibandika ukutani, na wanaamini wamemaliza. Leseni ya manispaa inakuruhusu kufungua mlango wa duka. Haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya pipa.

Ushauri wangu kwa mtengenezaji wa sabuni: jina la biashara, kisha UNBS, kisha usajili wa mahali pa kazi. Ukianza na karakana yenye moshi au maji machafu, nenda kwa afisa mazingira wa wilaya kabla hujajenga chochote, maana kuhama ni ghali kuliko kuuliza.

Kwa nini sheria hizi zinamuumiza mdogo kuliko mkubwa?

Kwa sababu gharama yake haijui kupungua. Chukua mfano wa kufikirika: kupima sampuli moja maabara ni shilingi 300,000. Mama anayetoa lita 1,000 kwa mwaka anabeba shilingi 300 kwa kila lita. Kiwanda cha lita 30,000 kinabeba shilingi 10. Kipimo ni kilekile, chupa ileile, mashine ileile. Ongeza nauli ya Kampala kwenda na kurudi mara tatu, na siku tatu ambazo hakuna aliyekoroga sabuni.

Wenzetu wa Ulaya waliligundua hili mapema. Sheria yao ya kemikali, REACH, iliyoanza 2007, inatoza kampuni ndogo ada pungufu za usajili, na kemikali inayotengenezwa au kuingizwa chini ya tani 1 kwa mwaka haisajiliwi kabisa. Hata hivyo wadogo wa huko bado wanalalamika, na wana sababu, kwa kuwa ada ni sehemu ndogo tu ya gharama. Kubwa ni muda na utaalamu.

Ndiyo maana nasema: kabla hujaongeza harufu ya limau, waridi na lavenda, fahamu kwamba kila bidhaa mpya inaweza kuwa sampuli mpya. Wanaodumu huanza na bidhaa moja au mbili. Wanaoanza na saba hawafiki mwaka wa pili wakiwa na karatasi zote.

Karatasi ya usalama wa kemikali ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni maelezo ya mtengenezaji kuhusu kemikali yake, yaliyopangwa kwa sehemu 16 zenye mpangilio mmoja dunia nzima. Sehemu ya 2 inataja hatari zake, ya 4 huduma ya kwanza, ya 7 jinsi ya kuishika na kuihifadhi, ya 8 vifaa vya kinga, ya 10 isichanganywe na nini, ya 13 namna ya kuitupa. Sheria ya 2006 inamtaka mwingizaji na msambazaji aitoe pamoja na kemikali. Kwa hiyo ukiiomba huombi hisani. Na ni bure.

Nilijifunza kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua pipa la asidi ya salfoniki kwa muuzaji wa mjini, halina lebo, lina alama ya chaki tu. Nikaagiza la pili, likaja na chaki ileile. Nilipoanza kuchanganya, povu lilipanda likamwagika, beseni la plastiki likalainika kwa joto, na kijana aliyekuwa akinisaidia akaungua mkono mpaka kiwiko. Pipa la pili lilikuwa na asidi nyingine kabisa. Muuzaji alisema chaki aliandika mtoto wa dukani. Ningekuwa na karatasi ya usalama ya kila pipa, na lebo yenye jina linalofanana nayo, nisingefungua kizibo. Tangu siku ile, pipa lisilo na lebo halishuki kwenye gari.

Soma angalau sehemu ya 4, 7, 8 na 10. Mwenye kusoma Kiingereza awatafsirie wengine kwa Kiswahili, Kiganda, Kisamia, chochote kinachoeleweka pale kazini, kisha iandikwe kwa kalamu nene na kubandikwa karibu na bomba la maji. Karatasi iliyofungiwa kwenye droo ya mhasibu haijamwokoa mtu.

Zile alama za almasi nyekundu zina maana gani?

Ni alama 9 za mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali. Picha nyeusi, ardhi nyeupe, mpaka mwekundu. Kimiminika kinachokula mkono na chuma ni kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) na asidi. Moto ni spiriti, petroli, tina ya rangi. Fuvu ni sumu ya haraka. Kifua chenye nyota ndicho wengi hawakijui, nacho ni cha kuogopwa kwa namna yake: madhara yake hayaonekani leo, yanakuja baada ya miaka, kama saratani. Formalini ni mfano mzuri. Mapishi mengi ya sabuni ya maji yanayofundishwa kwenye semina za siku moja yanaitaja kama kihifadhi, na Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vihifadhi vingine vipo. Muulize muuzaji wako.

Kwenye dawa za mimea utaona pia mkanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ndiyo kali kuliko zote, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Kijani hakina maana kwamba unaweza kuinywa.

Naweza kuuza kostiki au jiki kwenye chupa za maji ya kunywa?

Usifanye hivyo hata siku moja.

Jiki ni nyeupe kama maji. Kostiki iliyoyeyushwa nayo vilevile. Mtoto mwenye kiu akiona chupa anayoijua hasomi. Kostiki huunguza koo na umio, na kovu lake linaziba njia ya chakula. Kuna watoto wanaolishwa kwa mrija kwa miaka kwa sababu ya chupa ya nusu lita iliyowekwa chini ya meza. Ukilazimika kugawa kemikali ndani ya karakana yako, tumia chombo chenye umbo na rangi tofauti, kizibo kinachokaza, na jina lililoandikwa kwa rangi isiyofutika.

Ikiwa imeshatokea, nifanye nini?

Imemwagikia ngozi au jicho: maji safi mengi, yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, huku nguo zilizolowa zikivuliwa. Usipake dawa ya meno, siagi, wala limau eti kuua kostiki. Ameimeza: usimtapishe, maana kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Usimlazimishe maziwa. Mpeleke hospitali na ubebe chupa au lebo. Daktari anayejua jina la kemikali hapotezi nusu saa.

Na hili la jikoni: usichanganye jiki na asidi ya kusafishia choo, wala jiki na amonia. Gesi inayotoka inachoma mapafu. Mtu huona povu likizidi akadhani dawa imekuwa kali zaidi.

Nina duka la pembejeo. Mkulima maskini anataka dawa ya kizibo kimoja tu. Nimnyime?

Mkulima mwenye robo eka hahitaji lita nzima, na pesa ya lita nzima hana. Namwelewa, nawe unamwelewa. Lakini kupimia dawa ya wadudu kwenye chupa ya soda kunamnyima lebo, na lebo ndiyo inayosema kipimo, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na la kufanya akizimia. Kisheria dawa inauzwa kwenye kifungashio chake kilichosajiliwa. Waagize wasambazaji wako vifungashio vidogo vya kiwandani, vya mililita 50 na 100, vipo kwa dawa nyingi. Au wahimize majirani watatu wanunue chupa moja, wapulizie siku moja.

Mwenye duka lenyewe anatakiwa kuwa na kibali cha Wizara ya Kilimo, na mafunzo ya kutumia na kuhifadhi dawa kwa usalama; kozi inayojulikana zaidi ni ile inayotolewa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere. Cheti kiwe cha anayesimama kaunta. Nimeona duka lenye cheti kizuri cha mume aliyeko Kampala, na anayeuza ni shemeji wa miaka 16.

Kuhusu dawa bandia: bei ikiwa chini sana ya soko, kizibo kikiwa kimefunguliwa, lebo ikiwa imechapwa kwa wino unaotoka kwa mate, achana nayo. Mkulima akipata hasara atakukumbuka wewe, hatamkumbuka aliyekuletea.

Tunaweka vidonge kwenye ghala la mahindi. Kuna ubaya?

Vidonge hivyo ni alumini fosfidi. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua fukusi. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Gesi haichagui kati ya fukusi na mlinzi. Hupita kwenye nyufa za ukuta, chini ya mlango na kwenye dari hadi chumba cha pili, na hakuna dawa ya kuipinga ikishaingia mwilini. Wakati mwingine inanuka kama kitunguu saumu au samaki, wakati mwingine hainuki kabisa, kwa hiyo pua si kipimo.

Mipakani hapa, watu hulala ghalani kulinda magunia. Nimeshawahi kumtoa mzee mmoja juu ya magunia yaliyowekwa vidonge asubuhi ile. Alikuwa amejitandikia gunia tupu na kuwasha redio. Alinikasirikia kwa kumwamsha. Kama kuna jambo moja kwenye ukurasa huu ninaloomba ulichukue leo, ni hili: ghala lililofukizwa halilaliwi, wala chumba kinachopakana nalo, na lori lenye nafaka iliyofukizwa halibebi abiria juu ya mzigo. Mlango ubandikwe tangazo lenye tarehe. Likifunguliwa, liachwe lipate hewa kwanza. Kazi hiyo apewe mfukizaji aliyefunzwa, mwenye kifaa cha kupima gesi. Masalia ya vidonge yasimwagiwe maji ndani ya chumba.

Na usichanganye mambo mawili. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, na kikomo kilichotajwa kilikuwa sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu inatokana na ukungu, na dawa yake ni kukausha vizuri. Vidonge vinaua wadudu, haviondoi sumukuvu hata chembe.

Saluni yangu nayo ina kemikali?

Dada, saluni ina kemikali kuliko maduka mengi. Dawa ya kulainisha nywele ni ya kostiki au jamaa zake. Zile za kunyoosha kwa pasi huweza kutoa formalini hewani zikipashwa moto, na anayeivuta siku nzima ni msusi, wala si mteja anayekaa saa moja. Dirisha wazi ni kinga ya kwanza, na halitozwi ada.

Kwenye krimu za kung'arisha ngozi sheria haina mzaha: zebaki na hidrokwinoni haziruhusiwi. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ambao Uganda iliridhia 2019, unazuia vipodozi vilivyotiwa zebaki. Mkaguzi akizikuta rafu yako, kusema hukujua hakutakusaidia, hasa kama kopo halina orodha ya viambato au lina anwani isiyokuwepo. Ukimwuliza muuzaji viambato akakujibu kwamba wateja wanaipenda, umeshapata jibu.

Fundi wa betri na gereji?

Asidi ya betri na risasi, ile metali iliyomo ndani ya betri. Asidi inaonekana inapounguza suruali, risasi haionekani. Inaingia kwa vumbi na mvuke wa kuyeyusha, inarudi nyumbani kwenye nguo za kazi, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, ubongo wake ukiwa bado unakua. Usiyeyushe risasi uani. Betri kuukuu ni taka hatari: zisimwagwe, zisipasuliwe kwa shoka, ziuzwe kwa mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Mafuta ya injini yaliyotumika nayo hayamwagwi mtaroni, na kuyapaka kwenye mbao eti kuua mchwa ni kuhamisha tu uchafu.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu?

Huku kwetu Busia watu wanaijua zebaki, ile ya kunasia dhahabu, kwa mikono yao. Kuichoma wazi, tena jikoni kwenye kikaango, ndiyo njia mbaya kuliko zote: mvuke unavutwa na nyumba nzima. Kifaa cha kufungia mvuke kinapunguza sumu na kinakurudishia zebaki uliyonunua kwa pesa yako.

Na waragi?

Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa Kabale na maeneo mengine ya magharibi baada ya kunywa waragi yenye methanoli. Methanoli inafanana na pombe kwa macho na harufu, lakini mwilini inageuka sumu inayopofusha na kuua. Mtengenezaji anayeongeza spiriti ya viwandani ili pombe iwe na nguvu hana namna ya kujua alichonunua. Ukiwa na baa, nunua kilichofungwa kiwandani chenye alama ya UNBS, na utunze risiti.

Mfanyakazi wangu ameungua. Nitamlipa nini?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inakuwajibisha hata kama alikuwa wa siku mbili na hamkuandikiana. Matibabu ni juu yako. Akifariki kwa sababu ya kazi, fidia kwa wanaomtegemea ni mishahara ya miezi 60. Piga hesabu hiyo kwa kijana mmoja tu, halafu ulinganishe na bei ya glavu na miwani. Sheria inamtaka mwajiri awe na bima ya jambo hili, na ajali itolewe taarifa kwa idara ya kazi. Wengi hunyamaza wakamalizana na familia. Miezi mitatu baadaye mjomba anatokea na wakili.

Mkaguzi akija nifanyeje?

Mpokee, muombe kitambulisho, muite mtu wa pili akae nanyi. Mkaguzi wa kazi ana haki ya kuingia, kuuliza, kuchukua sampuli, kukuandikia urekebishe jambo kwa muda fulani, au kusimamisha kazi yenye hatari ya haraka. Kilichoandikwa kinajibiwa kwa maandishi. Ukirekebisha, piga picha, upeleke.

Ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), ile PRN, benki au kwa simu, na jina lako linaonekana. Anayetaka taslimu mkononi na kusema risiti itafuata hajaja kwa niaba ya ofisi. Nasema hivi nikijua kwamba kumkatalia mtu aliyekaa dukani kwako si rahisi kama kuandika. Mwenye daftari safi ana nguvu zaidi ya kukataa: daftari la kemikali zilizoingia, zilizotoka, na karatasi za usalama kwenye faili moja.

Sabuni yangu ina alama ya Q, ile ya ubora ya UNBS. Naweza kuivusha Kenya?

Kimsingi ndiyo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria ya pamoja ya viwango ya 2006, na bidhaa yenye alama ya nchi moja mwanachama haipaswi kupimwa upya upande wa pili. Mzigo wa chini ya dola 2,000 unaweza kupita kwa utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wenye cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Ila huo utaratibu unahusu ushuru. Hauondoi masharti ya viwango, na hapo ndipo wengi hukwama pale kituo cha pamoja cha mpakani: cheti cha asili wanacho, alama ya Q hawana. Dawa za mimea ni habari nyingine kabisa. Iliyosajiliwa Nairobi haijasajiliwa Kampala, na kinyume chake.

Kikundi chetu cha Lira kinatengeneza sabuni ya mafuta ya moyao (shea). Mnunuzi wa Ulaya anataka "REACH". Tujisajili?

Mafuta ya mimea ambayo hayajabadilishwa kikemikali yamesamehewa usajili wa REACH. Na wajibu wa usajili, unapokuwepo, ni wa anayeingiza bidhaa kule. Nyinyi mlioko Lira hamsajili chochote moja kwa moja. Kinachowahusu zaidi ni sheria yao ya vipodozi, maana sabuni ya kuogea ni kipodozi: kila bidhaa iwe na tathmini ya usalama iliyofanywa na mtaalamu, na mtu au kampuni iliyoko Ulaya inayowajibika kwa bidhaa hiyo. Ulizeni mnunuzi kama atabeba jukumu hilo yeye. Akikataa, bei anayowapa haitoshi.

Wanaouza pilipili na mboga wana kikwazo kingine, masalia ya dawa. Klorpirifosi ilikatazwa Ulaya 2020, na kiasi kinachovumiliwa kwenye chakula kikashushwa hadi miligramu 0.01 kwa kilo. Mkulima mmoja wa kikundi aliyepuliza dawa ya zamani anaweza kurudisha shehena ya wote.

Tukiungana watu kumi, cheti kimoja cha alama ya Q kitatutosha?

Hapana, kama kila mmoja anakoroga kwake. Kibali kinatolewa kwa mtengenezaji fulani, kwa bidhaa fulani, mahali fulani. Sabuni kumi kutoka jikoni kumi ni bidhaa kumi, hata kama lebo inafanana, na mkaguzi akikuta lebo yenu kwenye chupa iliyotoka kwa jirani, kibali mtakipoteza nyote.

Mkikorogea mahali pamoja ndipo hesabu inabadilika: mapishi mamoja, daftari moja la kila mchanganyiko, chumba kimoja chenye maji na dirisha, na zile shilingi 300 kwa lita zinagawanyika. Kikundi kimoja ninachokijua walianza kwa kukodi banda la mwenzao siku mbili kwa wiki. Waligombana kwanza kuhusu nani ashike ufunguo.